Sensa ya hewa ikisumbua kwenye Toyota ya zamani: pima kwanza, nunua baadaye

Spacio yangu ni ya mwaka 2002, injini 1NZ-FE. Ilianza na mambo madogo. Nikifika kwenye mataa inatetemeka, siku nyingine inazima kabisa. Nikitoka Ubungo kupandisha Kimara nakanyaga mafuta, inasita kwanza, halafu ndiyo inaondoka kwa kushtuka. Taa ya injini ilipowaka nikaipeleka kwa fundi. Mashine ikasoma namba ya kosa P0171, na jibu likaja hapohapo: eaflo, yaani sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini, imekufa, leta nyingine.

Nikanunua. Siku mbili gari likawa zuri, taa imezima, nikamshukuru Mungu. Siku ya tatu likarudi kulekule. Wiki moja baadaye, nimeinama na tochi ya simu, nikaukuta ufa kwenye hosi nene nyeusi inayotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini. Fundi alipofunga sensa aliisogeza ile hosi, ufa ukabana kwa siku mbili, kisha ukaachia. Sensa niliyoitoa haikuwa na kosa lolote.

Tangu siku hiyo nimewasaidia ndugu na majirani wengi wenye magari ya umri huo, na karibu kila mara naona pesa imeshatangulia kabla ya kipimo. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa namna ambayo sensa mpya inakuja mwisho.

Kwanza: je, gari lako linayo?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini lina maana. Toyota nyingi za miaka ya 90, kwa mfano Starlet yenye injini 4E-FE au Corolla 110 yenye 5A-FE, hazina sensa ya hewa njiani. Zina sensa ya presha, kiboksi kidogo kilichounganishwa na manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye injini) kwa kimrija chembamba cha mpira. Ukiambiwa ununue eaflo ya Starlet ya namna hiyo, funga boneti uondoke.

Injini za 1NZ-FE, 2NZ-FE na 1ZZ-FE, zilizomo kwenye IST, Spacio, Fielder, Probox, Allion na ndugu zao, zinayo. Fungua boneti, tafuta boksi la filta ya hewa. Juu ya mfuniko wake, karibu na pale hosi inapoanzia, kuna kipande cha plastiki nyeusi kilichoshikwa na skrubu mbili, kina soketi ya nyaya tano. Hicho ndicho.

Inavyofanya kazi

Ndani ya kile kipande kuna waya mwembamba wa platinamu. Umeme unapita humo na kuupasha, na sakiti ya sensa inahakikisha joto la waya linabaki juu ya joto la hewa inayopita kwa kiwango kilekile. Hewa ikiwa nyingi, waya unapoa, umeme mwingi zaidi unahitajika kuupasha tena. Kiasi hicho cha umeme hugeuzwa kuwa volti na kupelekwa kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, nayo inapiga hesabu: hewa kiasi hiki, basi nozeli zimwage petroli kiasi hiki.

Mambo mawili yanafuata hapo. Waya ukishika vumbi, unakuwa kama mtu aliyevaa koti: hewa inapita lakini haupoi inavyostahili. Sensa inaripoti hewa kidogo kuliko iliyopo, petroli inapungua, gari linakosa nguvu hasa likibebeshwa mzigo au likipanda. La pili ndilo lililonipata mimi. Hewa ikiingia kupitia ufa ulioko baada ya sensa, haihesabiwi na mtu yeyote. Sensa inasema ukweli wote inaoujua, na bado petroli haitoshi. Ndiyo maana namba P0171, ambayo maana yake ni mchanganyiko wenye petroli pungufu, haitoshi kuihukumu sensa.

Hatua ya 1: macho na mikono

Zima injini, iache ipoe. Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke, kwa kuwa haina gharama na ndiyo inayopata ugonjwa mara nyingi.

Anza na hosi ya hewa. Ina mikunjo kama ya akodioni, na ufa hujificha ndani ya mikunjo hiyo, upande wa chini usioonekana. Ukiitazama tu imetulia utaona mpira mzima. Ishike kwa mikono miwili, ipinde taratibu huku na huku, mulika tochi ndani ya kila mkunjo. Wa kwangu ulikuwa na urefu wa kidole gumba, na ulikuwa haufunguki mpaka niivute hosi kuelekea upande wa betri. Injini inapovuta huwa inajiinamisha kwenye maunti zake (vishikizo vya mpira vinavyoibeba), na hivyo ndivyo inavyoivuta hosi hiyo barabarani. Kama maunti zimechoka, mvuto ni mkubwa zaidi.

Kisha kagua klipu za hosi pande zote mbili, vimirija vidogo vya mpira vinavyotoka kwenye manifodi, ule unaotoka kwenye mfuniko wa tapeti, mfuniko wa oili na kijiti cha kupimia oili. Vyote vinatakiwa vikae vizuri mahali pake.

Fungua boksi la filta. Filta iliyochakaa au isiyo ya saizi yake huacha upenyo pembeni, na vumbi lote la barabara linakwenda moja kwa moja kwenye waya wa sensa. Ukipitisha kidole ndani ya boksi, upande wa baada ya filta, kikatoka na vumbi jekundu, umeshajua sensa inakula nini. Na tabia ya kupuliza filta kwa kompresa kila wiki naipinga kabisa: presha inatoboa karatasi matundu usiyoyaona. Filta ya karatasi ikijaa, badilisha.

Hatua ya 2: soma namba ya kosa

Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani miaka hiyo mara nyingi yana soketi ya pini 16 chini ya usukani, lakini vile vifaa vya bei ndogo vya Bluetooth haviwasiliani nayo, kwa sababu lugha ya kontroli boksi ni tofauti. Usikate tamaa. Unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu taa ya injini inavyomweka. Safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Tafadhali hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka waya, kwani pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote.

Taa ikimweka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimweka mara tatu, ikapumzika kidogo, ikamweka mara moja, hiyo ni 31: sakiti ya sensa ya hewa. Mara mbili kisha nne, yaani 24, ni kipimo cha joto la hewa, ambacho kwenye magari haya kimo ndani ya kipande hichohicho. Zikija 31 na 24 pamoja, kimbilia soketi na nyaya kwanza, maana si kawaida vitu viwili vife siku moja.

Ukiwa na mashine inayosoma, namba zake ni P0100 au P0102 kwa sensa, na P0110 au P0113 kwa joto. Mashine nzuri itakupa pia kitu cha thamani zaidi ya namba: asilimia ya petroli ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza. Chini ya 10 si tatizo. Ikiwa juu, linganisha. Ikiwa kubwa kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta), kisha ikashuka ukipandisha mzunguko hadi 2500, tafuta hewa inayopenya, kwa kuwa ufa uleule una madhara madogo pale injini inapovuta hewa nyingi. Ikiwa ndogo kwenye sailensi na kupanda kadiri unavyokanyaga, hapo sensa chafu inashukiwa kweli. Lakini pampu dhaifu ya mafuta hutoa picha hiyohiyo, kwa hiyo presha ya mafuta ipimwe pia. Kwa 1NZ-FE iwe kati ya kPa 304 na 343.

Mashine pia huonyesha gramu za hewa kwa sekunde. Injini ya lita 1.5 iliyopata moto, AC imezimwa, sailensi, hucheza kwenye gramu 2 hivi. Usilinganishe vipimo vya miji tofauti kama vile ni kitu kimoja, hasa vya gari linalovuta kwa nguvu zote: Mbeya au Nairobi, karibu mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar, na kipimo kushuka huko ni haki yake.

Hatua ya 3: maltimita

Hapa ndipo sensa inapojitetea. Gari liwe uwanjani penye hewa, si ndani ya gereji iliyofungwa, na mikono ya shati uikunje. Feni ya rejeta inaweza kuanza kuzunguka wakati wowote.

Nyaya tano zina majina: +B ni umeme wa kuingia, E2G ni athi (njia ya umeme kurudi) ya sensa, VG ni ishara inayokwenda kontroli boksi, THA na E2 ni za kipimo cha joto. Mpangilio wake kwenye soketi usiubahatishe, fuata mchoro wa nyaya wa gari lako. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, pale waya unapoingia, ili usitoboe ngozi ya waya.

Umeme: swichi ikiwa imewashwa, kati ya +B na bodi ya gari upate volti 9 hadi 14. Ukikosa, angalia fyuzi na relei ya EFI (mfumo wa kumwaga petroli). Sensa haijashtakiwa bado.

Athi: injini ikiunguruma, pima kati ya E2G na kichwa cha betri cha hasi. Isizidi volti 0.1. Ikizidi, kuna muunganiko wenye kutu mahali, na kila kipimo kinachotoka kwenye sensa kinaharibika njiani.

Ishara: kati ya VG na E2G, injini ikiwa imepata moto, sailensi, AC na taa zimezimwa, utegemee volti 1.1 hadi 1.5. Kanyaga taratibu, ipande bila kurukaruka. Kisha gonga kipande cha sensa polepole kwa mpini wa bisibisi na utikise nyaya karibu na soketi. Injini ikikohoa au volti ikiruka, umepata pa kutafuta.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hufanywa injini ikiwa imezimwa. Fungua skrubu mbili, toa sensa, irudishe kwenye soketi yake ikiwa mkononi, washa swichi tu. Maltimita ikiwa kwenye VG na E2G, puliza kwa mdomo kupitia tundu la sensa, kama unavyopuliza chai. Volti inatakiwa ipande papo hapo, na ukiacha irudi. Ukipuliza kwa nguvu ipande zaidi. Isiposogea, na umeme na athi vilikuwa sawa, basi hiyo sensa imekufa kweli. Utaratibu huu ukiacha kosa kwenye kumbukumbu usishangae, utalifuta mwishoni.

Joto: chomoa soketi, pima kati ya THA na E2 kwenye sensa yenyewe. Kwenye nyuzi 20 iwe kati ya kiloomu 2.21 na 2.69. Kwa joto la Dar la nyuzi 30 hivi, utapata kama 1.6. Ukipata sifuri au isiyosoma kabisa, sehemu hiyo imeharibika.

Kuna pia njia ya mafundi ya kuchomoa soketi ya sensa na kuwasha gari. Kontroli boksi inahamia kwenye hesabu ya dharura, inakisia hewa kwa kutazama throto (kile kimlango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta) na mzunguko wa injini. Gari likitulia kuliko lilivyokuwa na sensa, sensa ilikuwa inadanganya. Ni dalili nzuri, lakini mimi siinunulii spea kwa dalili hiyo peke yake.

Hatua ya 4: kusafisha

Sensa inayopanda ukiipuliza lakini inasoma chini, isafishe kabla ya kufikiria kingine. Tumia dawa ya kunyunyiza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa za hewa. Ukiikosa, spiriti ya isopropili ya asilimia 99 kwenye chupa ya kunyunyizia inafaa. Dawa ya kabureta, dawa ya breki na petroli vyote viweke mbali, kwani vinakula plastiki au vinaacha mabaki kwenye waya.

Swichi imezimwa, soketi imechomolewa, sensa iko nje. Ishike kwa pembeni. Nyunyiza kutoka umbali wa sentimita 10 hivi, mara 10 hadi 15, ukiigeuza ili dawa ifike kwenye waya wa ndani na kwenye kile kitone kidogo cha kipimo cha joto kinachochungulia nje. Usiguse kwa kidole, pamba, mswaki wala kijiti. Waya ule ni mwembamba, na ukikatika hakuna wa kuuunga. Usipulize kwa kompresa. Iweke juu ya kitambaa safi, iache ikauke yenyewe nusu saa.

Wakati wa kurudisha, hakikisha ringi ya mpira ipo na haijapinda. Skrubu zinaingia kwenye plastiki, zikaze mpaka zishike tu. Nimeshaona boksi zima la filta likiharibika kwa sababu ya mkono mzito.

Nyaya na hosi: matengenezo halisi

Sensa yenyewe haifunguliwi ikatengenezwa. Kinachotengenezeka ni vile vinavyoizunguka, na hapo ndipo kazi nyingi ilipo.

Kwa sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, pini za soketi huota ukungu wa kijani. Zisafishe kwa dawa ya soketi za umeme, na kama mdomo wa pini umelegea, ubane kidogo kwa sindano ili ushike. Waya uliokatika uungwe kwa risasi ya kulehemu na kufunikwa kwa mpira wa kubana kwa moto. Kusokota na kuzungushia selotepu hakufai hapa. Tofauti ya sailensi nzuri na mbaya ni sehemu ya kumi ya volti, na muunganiko uliolegea unaweza kuila yote.

Hosi yenye ufa badilisha. Gundi ya mpira na tepu ngumu vitakufikisha nyumbani au vitakusaidia kuthibitisha kwamba ufa ndio tatizo, lakini joto la injini huvilegeza.

Ukilazimika kununua

Soma namba iliyochapwa kwenye sensa yako. Za Toyota huanza na 22204, kisha kuna tarakimu nyingine, na zote zifanane. Mbili zinaweza kufanana kwa umbo na soketi zikatofautiana kwa hesabu za ndani, gari likawaka lakini likala mafuta. Kwenye maduka ya Gerezani au Ilala, mimi ningechagua iliyotumika ya Denso iliyotoka Japani kuliko mpya ya bei ya ajabu isiyo na jina. Nenda na maltimita. Muuzaji akikupa betri ya volti 12, peleka chanya kwenye +B na hasi kwenye E2G, pima VG huku unapuliza. Dakika mbili zinatosha, na muuzaji wa kweli hatakunyima.

Baada ya kufunga, futa makosa kwa mashine, au chomoa kichwa cha hasi cha betri kwa dakika moja. Washa, iache kwenye sailensi mpaka feni izunguke na kuzima, kisha tembea nalo, foleni na mwinuko pia. Taa kutokuwaka siku hiyohiyo hakukuambii lolote, kwa kuwa P0171 huhitaji tatizo lionekane safari mbili ndipo taa iwake. Lipe gari wiki.

Neno kwa wenye magari ya zamani zaidi, ya mfumo wa L-Jetronic wa Bosch ulioanza 1974 na jamaa zake wa Kijapani: sensa yenu ina kimlango chenye springi kinachosukumwa na hewa, na brashi inayoteleza juu ya njia ya kaboni. Hiyo inafunguka. Pima ishara huku unasukuma kimlango polepole kwa kidole. Panapokatika ndipo kaboni imelika, na fundi makini anaweza kuisogeza brashi kidogo ikapita njia mpya. Springi msiiguse, ndiyo mizani yenyewe.

Mimi nilirudisha sensa yangu ya zamani na kuweka hosi mpya. Ndani ya boneti nimebandika kipande cha plasta nilichoandika kwa kalamu ya wino: VG 1.3, sailensi, AC imezimwa, na tarehe. Kila nikibadilisha oili napima tena na kuandika chini yake.